Kufunga na kubeba dohani ya chuma ya vipande: mwongozo kwa fundi wa matanuri na majenereta

Dohani ya chuma inayoletwa ikiwa vipande kutoka kiwandani ni rahisi kuunganisha kiasi cha kumdanganya fundi. Vipande vinaingiana, mkanda wa kufungia unazungushwa kwenye kiungo, na kabla ya chakula cha mchana mita kadhaa zimekwisha kusimama. Ugumu wa kazi hii uko mahali pengine: katika kuamua uzito wa dohani utatua wapi, na chuma kitakapopata moto kitarefuka kuelekea wapi. Nitafuata kazi moja tangu kipimo cha kwanza hadi moto wa kwanza. Ni tanuri la mikate la kuni lililo chini ya jengo la ghorofa moja katika mji wa pwani, lenye kuta za matofali ya saruji na paa la bati la msauzi juu ya kenchi za mbao. Bomba lina kipenyo cha ndani cha milimita 200 na cha nje milimita 250, nalo linatoka nyuma ya tanuri, linatoboa ukuta, kisha linapanda mita 7 kwa nje hadi juu ya paa. Baadaye nitagusia bomba la moshi la jenereta, kwa kuwa fundi anayeitwa kwa kazi ya tanuri huitwa pia kwa kazi hiyo, na mazoea yanayofaa huku yanaweza kuharibu kule.

Hatua ya kwanza: soma lebo kabla ya kulipa

Dohani ya kiwandani ina bomba la ndani la chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, kisha tabaka la sufu ya mawe la kuzuia joto, kisha gamba la nje. Nguvu na kikomo cha mfumo huandikwa kwenye lebo. Mifumo inayofuata kiwango cha Ulaya cha EN 1856-1 hubeba msururu wa herufi na namba kama huu: T600 N1 D V2 L50050 G50. Herufi T na namba yake hutaja joto la moshi ambalo bomba linaweza kulistahimili kila siku, hapa nyuzi 600 za Selsiasi. N1 maana yake moshi unavutwa na mvuto wa dohani yenyewe, bila kusukumwa na feni wala injini. D ni kwa ajili ya moshi mkavu, na W ni kwa ajili ya moshi unaotoa majimaji. V na namba yake huhusu kustahimili kutu. L50050 hutaja aina ya chuma cha ndani na unene wake: L50 ni stenlesi ya daraja la 316L, na namba tatu zinazofuata ni unene katika mia za milimita, yaani milimita 0.50. G humaanisha kwamba mfumo umepimwa dhidi ya moto wa masizi, kwa nyuzi 1000 kwa dakika 30, na 50 ni umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa, kwa milimita, kutoka gamba la nje hadi kitu chochote kinachoweza kuungua. Ukiona O mahali pa G, mfumo huo haukupimwa kwa moto wa masizi. Usiufunge kwenye tanuri la kuni hata ukipewa kwa nusu ya bei. Bidhaa za Marekani hutumia alama nyingine, na ile inayofaa kwa kuni ni UL 103 HT.

Pwani, daraja la chuma si jambo la hiari. Stenlesi ya 304 huanza kuonyesha madoa ya kahawia na vishimo vidogo inapokaa karibu na bahari, kwa kuwa chumvi ya hewani hupenya ngozi yake ya kinga. Daraja la 316 lina molibdeno ya asilimia 2 hadi 3, nayo ndiyo inayolipa uvumilivu zaidi. Kwa jengo lililo karibu na maji ningetaka 316 ndani na nje pia, ingawa wauzaji wengi husisitiza ya ndani tu. Bati la kawaida la geji 28 lililopakwa zinki lisitumike kabisa kama bomba la ndani. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, huanza kuharibika mapema zaidi ya hapo, na bati linalobaki huliwa na kutu.

Jambo moja la mwisho kuhusu ununuzi: usichanganye vipande vya watengenezaji wawili. Vipenyo vinaweza kulingana huku mtindo wa kuingiana ukitofautiana kwa milimita mbili tatu, na mfumo mchanganyiko haujapimwa na mtu yeyote.

Hatua ya pili: pima njia kutoka juu kwenda chini

Panda darini kwanza. Chagua nafasi kati ya kenchi mbili inayotoa uwazi wa milimita 350, yaani 250 za dohani na 50 kila upande, kisha teremsha timazi hadi usawa wa tundu la tanuri. Mafundi wengi huanzia chini, wakifika kwenye upenu wanakuta mkia wa kenchi uko katikati ya njia, na hapo ndipo elbo, yaani viungo vya kupinda kona, zinapozaliwa. Kila elbo hupunguza mvuto, hukusanya masizi, na huhamisha uzito kando ya mstari wake. Ni afadhali kusogeza tanuri sentimita 20 kuliko kununua elbo mbili. Ikibidi kukwepa, tumia elbo za nyuzi 30 au 45, zisizidi mbili, na uzito wa sehemu iliyo juu yake ubebwe kwa braketi yake, usikae juu ya kiwiko.

Kuhusu urefu, kanuni rahisi iliyotoka Marekani inatosha kama kianzio: mdomo wa dohani uwe angalau sentimita 90 juu ya mahali unapotokeza paani, na angalau sentimita 60 juu ya sehemu yoyote ya jengo iliyo ndani ya mita 3 kwa kipimo cha mlalo. Paa letu linapanda sentimita 36 kwa kila mita. Ndani ya mita 3 kuelekea kwenye mgongo linakuwa limepanda mita 1.1, ukiongeza sentimita 60 unapata mita 1.7. Kwa hiyo tukaamua mita 2 juu ya paa.

Mvuto wenyewe unakokotoleka. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 ina uzito wa kilo 1.165 kwa mita ya ujazo, na moshi wenye nyuzi 200 ni kilo 0.75 hivi. Tofauti hiyo ukiizidisha kwa 9.81, namba ya uvutano wa dunia, na kwa mita 7 unapata shinikizo la karibu paskali 29, kabla ya kutoa msuguano. Moshi ukipoa hadi nyuzi 100 njiani, zinabaki 15 tu. Hii ndiyo sababu dohani inayopanda nje ya ukuta inahitaji sufu ya mawe hata kama hakuna mbao karibu: ulinzi wa joto ndio unaolinda mvuto. Tazama pia jirani. Jengo refu au mwembe mkubwa upande wa kusini unaweza kukaa kimya miezi ya kaskazi, kisha msimu wa kusi ukaanza kurudisha moshi chini, na mwenye bekari atakuita akiamini kwamba bomba limeziba.

Hatua ya tatu: shika mahali pamoja, kwingine ongoza tu

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji apunguze mwendo.

Dohani ya vipimo hivi ina uzito wa kilo 8 hadi 10 kwa kila mita. Mita 7, pamoja na tii ya chini (kipande chenye umbo la herufi T), mlango wa kusafishia na kofia, zinakaribia kilo 75. Uzito huo wote hutua kwenye bamba la kubebea lililo chini ya tii, na bamba hukaa juu ya braketi mbili zenye umbo la pembetatu zilizofungwa ukutani. Hautui juu ya tanuri. Kipande kinachotoka tanuri kwenda kwenye tii ni kiunganishi tu, na kinatakiwa kuweza kutolewa bila dohani kutikisika. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia ninapokagua kazi ya mwingine: nikichomoa kiunganishi na bomba likashuka hata milimita moja, braketi hazifanyi kazi.

Klampu za ukutani zilizo juu ya bamba hazibebi uzito. Kazi yake ni kuzuia bomba lisiyumbe kushoto, kulia, mbele au nyuma, huku likiachwa huru kupanda na kushuka. Stenlesi ya madaraja haya hurefuka milimita 0.017 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Gamba la nje linalopanda kutoka nyuzi 30 hadi 80 litarefuka karibu milimita 6 katika mita 7. Bomba la ndani hupata joto kubwa zaidi, na kila mtengenezaji ana namna yake ya kulipa nafasi: kuna mifumo ambayo kila kiungo humeza urefu wake, na kuna ile inayouacha upande hadi kwenye kofia. Karatasi ya maelekezo huonyesha, nayo isomwe kabla ya kuamua klampu zikae wapi.

Nililijua hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo nilifunga bomba la ngozi moja, lisilo na sufu wala gamba la nje, mita 6, kwenye tanuri la dizeli la bekari nyingine. Nilitumia klampu nne, nikazikaza zote kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa niliamini kwamba kilichokazwa sana kimefungwa vizuri. Asubuhi ya tatu niliitwa. Kati ya klampu ya pili na ya tatu bomba lilikuwa limeota tumbo, kiungo kimefunguka upana wa njiti ya kiberiti, na kwenye ukuta uliopakwa chokaa wiki moja kabla kulikuwa na mstari mweusi wa masizi uliochanua juu kama mkia wa tausi. Joto lilikuwa limepanda kwa nyuzi 250 hivi, kwa hiyo bomba lilitaka kurefuka zaidi ya milimita 25, na mimi nilikuwa nimelinyima njia juu na chini. Chuma kinachotaka kurefuka hakibishani na klampu. Kinatafuta kiungo dhaifu. Nilizilegeza tatu, nikaacha ile ya chini pekee ikiwa imebana, nikabadilisha kipande kilichopinda kwa gharama yangu, na ukuta nikaupaka upya.

Klampu ya kuongoza, basi, ifungwe hadi iguse, kisha nati irudishwe nyuma kidogo mpaka bomba liweze kusukumwa juu kwa mkono, na nati ya pili ifungwe juu yake ili mtikisiko usiilegeze zaidi. Umbali kati ya klampu hutajwa na mtengenezaji. Kwa kazi yetu tuliweka ya kwanza mita 2 juu ya bamba, ya pili mita 3.4, na ya tatu mita 4.9, chini kidogo ya upenu.

Hatua ya nne: ukuta wenyewe unashika nini?

Braketi inaweza kuwa ya chuma kinene na bado ikaanguka, kwa sababu ukuta wetu ni wa matofali ya saruji na mengi kati yake yana matundu ndani. Bolti ya kupanuka, ambayo mafundi huiita rolbolti, hushika kwa kusukuma pande za tundu. Katika zege inafanya kazi vizuri. Katika tofali lenye uwazi inapasua ngozi ya ndani, inajisikia imekaza, kisha inatoka na kifusi baada ya miezi michache ya kupashwa joto na kupoa. Kwa braketi za bamba, yaani zile zinazobeba kilo zote 75, nafuata moja ya njia mbili: nazipandisha au kuzishusha hadi ziangukie kwenye linta ya zege, au natoboa ukuta mzima na kupitisha fimbo za uzi zenye bamba la chuma upande wa pili. Njia ya pili haipendezi kwa mwenye nyumba, lakini bamba la sentimita 15 kwa 15 linaweza kupakwa rangi ya ukuta.

Penye linta, toboa kwa kina ambacho maelekezo ya bolti yanataka, puliza vumbi mpaka liishe, kisha ndipo uingize. Tundu lenye vumbi hupunguza ushikaji kuliko wengi wanavyodhani. Usikaribie ukingo wa zege, kwa kuwa bolti ya kupanuka iliyo sentimita 4 kutoka kwenye kona itaondoka na kona. Bolti na nati ziwe za stenlesi pia, na kama braketi ni za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, weka washa ya mpira au plastiki ngumu pale zinapogusana na klampu za stenlesi, mbali na joto, ili chumvi na unyevu visigeuze makutano hayo kuwa betri ndogo ya kula zinki. Kwa sababu hiyohiyo, diski ya msumeno iliyokata nondo isikate stenlesi. Chembe za chuma zinazobaki hushika kutu na kuacha madoa.

Hatua ya tano: unganisha kutoka chini, mshale ukitazama juu

Kila kipande kina mshale wa mwelekeo wa moshi, nao utazame juu. Katika mifumo mingi ya tabaka mbili, bomba la ndani la kipande cha juu huingia ndani ya lile la chini, ili majimaji na ulimbo wa moshi vitiririke ndani hadi kwenye tii badala ya kutoka kwenye kiungo. Gamba la nje hufanya kinyume: la juu hufunika la chini, ili mvua isiingie kwenye sufu. Sufu iliyolowa haizuii joto tena. Ukijikuta unalazimisha kipande kwa nyundo, kigeuze kwanza.

Mkanda wa kufungia uzunguke kila kiungo na skrubu yake ikazwe. Usitoboe bomba la ndani kwa riveti wala skrubu ndefu. Tundu hilo huruhusu moshi kuingia kwenye sufu na huharibu nafasi ya chuma kurefuka. Silikoni, hata ile nyekundu inayouzwa kwa ajili ya injini, haina kazi ndani ya dohani ya kuni. Panga urefu wa vipande mapema, ili kiungo kisiangukie ndani ya ukuta au ndani ya upenu, mahali ambapo hakuna jicho wala mkono utakaofika. Baada ya kila vipande viwili rudisha timazi.

Pale bomba linapotoboa ukuta, liwe na uwazi wa kulizunguka au kipande cha kupitishia kilichotengenezwa kwa ajili hiyo. Lisijengewe kwa saruji. Bomba lililokwama ndani ya saruji limefungwa mahali pa pili, na tumekwisha kuona matokeo yake.

Hatua ya sita: upenu na paa

Zile milimita 50 kati ya gamba na mbao zinaachwa hewa tupu. Kuna fundi anayeona uwazi huo na kuuona kama kosa, akaujaza sufu iliyobaki. Sufu hiyo huzuia hewa isiondoe joto, na joto huhamia kwenye mbao. Mbao inayopashwa joto kila siku kwa miaka hukauka na kubadilika, hata ikafika mahali pa kuwaka katika joto ambalo mbao mpya ingelivumilia. Kama papi inapita katikati ya njia, ikatwe na vichwa vyake viunganishwe kwa mbao ya kukingama hadi kwenye kenchi za pande zote mbili, isiachwe ikining'inia kwa misumari ya bati. Chini ya upenu funga bamba la chuma la kuziba lenye tundu linaloiacha dohani ipite bila kubanwa. Hilo huzuia pia ndege na panya kujenga viota vya majani makavu pembeni ya bomba la moto.

Juu ya bati hufungwa bamba la paa, ambalo mafundi huliita flashi. Ukingo wake wa juu uingie chini ya bati linalotoka mgongoni, na ukingo wa chini ulale juu ya bati. Ukiweka pande zote juu, utategemea silikoni peke yake, na masika ya kwanza yatakujibu. Bati la msauzi lina migongo mirefu, hivyo flashi bapa haikai. Tumia yenye sketi laini inayoweza kukandwa kufuata migongo, iliyothibitishwa kwa joto la gamba la nje. Koni ya flashi isibane bomba. Kola ya mvua hufungwa kwenye bomba juu ya koni, nayo hupanda na kushuka pamoja na bomba kama mwavuli ulioshikwa na mtu anayetembea.

Kuhusu makuti maoni yangu ni mafupi: jenga jiko mbali na banda. Mwenye hoteli akikataa kabisa, dohani ipite nje ya paa, mdomo upande juu sana, na kofia iwe na wavu wa kuzuia cheche wenye matundu ya milimita 10 hadi 13, utakaosafishwa mara kwa mara kwa sababu huziba upesi. Uingereza, ambako nyumba za paa la nyasi bado zipo, mwongozo unaotumika sana hutaka mdomo uwe angalau mita 1.8 juu ya mgongo wa paa, na hiyo ni katika nchi yenye mvua karibu mwaka mzima.

Hatua ya saba: kilicho juu ya paa kinasukumwa na upepo

Upepo wa mita 30 kwa sekunde ukikutana na mita 2 za gamba letu la milimita 250 husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 20 hivi, na wa ghafla huzidi hapo. Kilo 20 ni kidogo, lakini zinasukuma mita moja juu ya klampu ya mwisho, na hapo hesabu hubadilika. Kama klampu mbili za mwisho ziko mita moja mbalimbali, ile ya juu hubeba kilo 40 na ya chini huvutwa upande wa pili kwa kilo 20. Zikiwa nusu mita mbalimbali, ya juu hubeba 60. Ndiyo maana tuliachanisha hizo mbili kwa mita 1.5, ingawa fundi msaidizi alitaka zikae karibu "zisaidiane".

Watengenezaji wengi huruhusu karibu mita 1.5 tu kusimama huru juu ya klampu ya mwisho. Sisi tuna zaidi ya mita 2, kwa hiyo tuliongeza kola yenye miguu miwili ya chuma inayoegemea paa, miguu ikifungwa kwenye mbao za kenchi kupitia bati, kamwe isiwe kwenye bati lenyewe. Kola hiyo nayo izunguke bomba bila kulibana. Palipo na nafasi, nyaya tatu za stenlesi zilizogawanywa sawasawa kuzunguka bomba hufanya kazi vilevile, mradi zisivutwe hadi zilie kama gambusi wakati bomba limepoa. Likirefuka zitakatika au zitang'oa kola. Kama jengo lina mfumo wa radi, fundi umeme aunganishe dohani nao.

Jenereta ni habari nyingine

Moshi wa injini ya dizeli inayobeba mzigo kamili hutoka ukiwa na nyuzi 400 hadi 550, na unasukumwa. Dohani ya N1 haifai hapo, kwa sababu viungo vyake vimetengenezwa kwa moshi unaovutwa na vitavuja. Tafuta mfumo wa shinikizo kubwa, alama H, wenye gasketi au flanji kwenye viungo. Moshi unaovuja ndani ya chumba hubeba monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huua mlinzi aliyelala jirani na mashine.

Hesabu ya kurefuka hapa ni kubwa. Bomba la stenlesi la mita 10 likipanda nyuzi 400 hurefuka milimita 68, karibu upana wa kiganja bila kidole gumba. La chuma cha kawaida milimita 48. Mara baada ya injini weka kiungo cha mvukuto, chenye mikunjo, ili kimeze mtikisiko na sehemu ya urefu huo. Kisitumike kuficha mabomba yasiyoelekeana, kwani mvukuto uliofungwa ukiwa umepinda umekwisha kutumia uhai wake kabla injini haijawashwa. Tabochaja, ile feni ya injini inayozungushwa na moshi, haitakiwi kubeba uzito wowote. Sailensa ining'inizwe kwa fimbo za uzi kutoka kwenye dari ya zege, na fimbo ziwe ndefu vya kutosha kubembea bomba linaposogea. Kati ya mvukuto mmoja na mwingine pawe na mahali pamoja palipoganda na kwingine pa kuteleza, kama kwenye tanuri.

Sehemu ya mlalo iinamie mbali na injini, na mahali pa chini kabisa pawe na bomba dogo lenye koki ya kumwagia maji. Usiunganishe jenereta mbili kwenye bomba moja: inayofanya kazi itasukuma moshi na unyevu hadi ndani ya ile iliyozimwa. Na kila elbo unayoongeza huongeza mgandamizo wa nyuma, ambao mtengenezaji wa injini ameuwekea kikomo. Kokotoa kabla ya kuchagua kipenyo, maana bomba lenye ukubwa wa mdomo wa sailensa mara nyingi halitoshi likienda mbali.

Moto wa kwanza

Rudi kwenye tanuri letu. Kabla ya kuwasha, choma magazeti machache kwenye tundu la tii na umwache mtu juu ya paa aangalie moshi unatoka kwa wingi kiasi gani, huku wewe ukipitisha mkono na jicho kwenye kila kiungo. Kisha washa moto mdogo wa kuni kavu kwa saa mbili, uuache upoe, na siku ya pili uwe mkubwa zaidi. Harufu ya mafuta ya kiwandani katika saa za mwanzo ni ya kawaida. Harufu ya mbao si ya kawaida hata mara moja. Mwachie mwenye bekari ratiba ya kufungua mlango wa chini ya tii: kila wiki kwa mwezi wa kwanza, na baada ya hapo masizi yenyewe yatakuonyesha. Yakiwa vumbi jeusi kavu, moto ni mzuri. Yakiwa yanang'aa na kunata kama lami, kuni ni mbichi au tanuri linabanwa hewa, na ulimbo huo ndio unaowaka siku ya moto wa masizi.

Nina desturi moja ambayo haimo kwenye karatasi ya mtengenezaji yeyote niliyewahi kuisoma. Bomba likiwa baridi, ninachora mstari mwembamba wa penseli kwenye gamba, usawa wa ukingo wa juu wa kila klampu. Tanuri likishafanya kazi saa tatu, ninapanda tena na rula. Kwenye kazi hii mstari wa klampu ya kwanza ulikuwa umepanda karibu milimita 2, wa pili 3, na wa tatu ulikuwa palepale nilipouchora. Nililegeza nati ya klampu ya tatu robo mzunguko, bomba likatoa mlio mfupi, na mstari ukapanda milimita 4 mbele ya macho yangu.